Watoto wapewe sauti maktaba, au tunawadekeza?

Baba_wa_Uyole: Wakuu poleni na baridi. Nina hoja. Mtoto wa la tatu akienda maktaba huku kwetu anakuta viti vyote wamekaa form four, form six na watu wa chuo, wamekuja na madaftari yao wanapiga msuli, kitabu cha maktaba hata hawagusi, dogo akicheka kidogo anatolewa nje. Mi nasema watoto washirikishwe: vitabu gani viletwe, kelele mwisho wapi, chumba kiwe chao saa ngapi. Na sio hisani, Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 11 inampa haki ya kutoa maoni na kushiriki maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mnasemaje?

Mwalimu_Mstaafu: Mtoto wa miaka tisa atachagua katuni tupu. Halafu vitabu vingi vya msaada vinakuja na maboksi kutoka nje, mkutubi mwenyewe hakuulizwa, ndo aulizwe mtoto?

MamaK_Tukuyu: Shikamoo mwalimu, ila hapo umejijibu mwenyewe. Ndo maana vimepangwa vinapendeza na havisomwi, Kiingereza kigumu hadithi za kwao huko, watoto wangeulizwa wangesema leteni za Kiswahili. Na katuni zina ubaya gani? Binti yangu alianzia huko huko saa hizi ananimalizia magazeti.

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba. Hilo la Kiswahili nakubali, la katuni bado.

Mzee_wa_Kihesa: Mi sina shida na hoja, shida yangu ni nani atawachagua hao wawakilishi. Watakuwa wale wale watoto wa watumishi wa mjini, wa Kilolo nauli ataitoa wapi? Mabaraza ya watoto si tunayo? Juni 16 Siku ya Mtoto wa Afrika wanaitwa, wanasoma risala iliyoandikwa na mwalimu, mgeni rasmi anapiga makofi, wanapewa soda, imeisha hiyo mpaka mwakani.

Baba_wa_Uyole: Mzee wa Iringa hapo umepiga penyewe. Basi kamati tuiache kwanza. Liwekwe daftari tu pale kwa mkutubi, mtoto aandike kitabu alichokitafuta akakikosa, na hela ya kununua ikipatikana orodha ianzie humo. Na Jumamosi asubuhi chumba kiwe cha wadogo, wakubwa wapishe.

dogo_wa_mwanjelwa: Mi ndo form four mnayemsema. Jumamosi mnayotaka kunitoa ndo siku pekee nasoma kwa utulivu, home tumejaa na redio haizimwi, mtihani Novemba. Na nina miaka 16, kwa sheria hiyo hiyo mtoto ni chini ya 18, mbona mnapanga bila kuniuliza?

MamaK_Tukuyu: 😂 Baba Uyole jibu hapo

Baba_wa_Uyole: Haya mwanangu, wewe ungepangaje?

dogo_wa_mwanjelwa: Wadogo wapewe Jumatano wakitoka shule, sisi tunakuwa bado darasani. Na daftari lisiwe la wadogo peke yao, vitabu vya fizikia vya siku hizi hamna mule.