Tupeane uzoefu: hesabu za pesa mnazifundishaje watoto?

Mama wa Ndosho, Goma
Salamu kwenu wazazi na walimu. Binti yangu yuko mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Ukimwandikia 1000 − 650, anatoa vizuri. Lakini ukimwambia, "Nimekutuma soko la Virunga na faranga 1000, umenunua nyanya za 400 na chumvi ya 250, utarudi na ngapi?" anajumlisha zote tatu na kukupa 1650.

Siku hizi kalamu inakaa mezani kwanza. Anisimulie: pesa ilikuwa ya nani, imeenda wapi, mfukoni imeongezeka ama imepungua? Kisha aseme kama jibu litapita 1000 ama halitafika. Hapo ile 1650 anaikataa mwenyewe. Wenzangu, kwenu mnafanyaje?

Mwalimu wa mwaka wa pili, Kadutu, Bukavu
Mama, hapo kwa kukisia niko pamoja nawe kabisa. Mimi nakata noti za kartoni: 50, 100, 200, 500 na 1000. Mmoja anauza mandazi, mwingine ananunua, wengine wanakagua pesa inayorudishwa.

Watoto ambao mama zao wanauza sokoni wananifundisha mengi. Mandazi ni ya 350, mnunuzi ametoa 1000. Mtoto hatoi kabisa, anapanda: "350, weka 50 ni 400, weka 100 ni 500, weka 500 ni 1000." Mkononi mwa mnunuzi kuna 650, na hajakosea. Naiandika njia hiyo ubaoni, pembeni naweka ile ya kukopa kumi kwa tarakimu ya kushoto, waone zinakutana kwenye jibu moja. Kukopa katika sifuri za 1000 ndiko wengi wanakopotelea, na kwa maoni yangu tunawakimbiza huko mapema mno.

Papa wa Katuba, Lubumbashi
Asante mwalimu. Kwangu ugumu mkubwa ni pale kisichojulikana kinapokuwa mwanzoni. "Nilikuwa na pesa. Nimenunua sombe ya 500, nimebaki na 700. Nilikuwa na ngapi?" Mtoto akisikia *nimebaki* anakimbilia kutoa, anasema 200. Kumbe ni 1200.

Dawa yangu ni kurudi nyuma. Namwambia, "Haya, mrudishie mama sombe yake, naye akurudishie 500 zako. Sasa hesabu mfukoni." Akiigiza kwa mikono hivyo, jibu linakuja.

Zile za kulinganisha nazo ni ngumu: "Yaya ana 800, amemzidi mdogo wake 300. Mdogo ana ngapi?" Hapo nachora mistari miwili, mrefu wa yaya, mfupi wa mdogo, na pale inapopishana naandika 300. Bila mchoro, kijana wangu alikuwa anajibu 1100 kila mara.

Mama wa Nyawera, Bukavu
Kwa wale wakubwa, msisahau dola, maana huku tunalipa kwa pesa mbili. Wangu alikuwa na dola 5 na faranga 3000, akaandika 3005! Sasa ni sharti aandike FC (faranga za Kongo) ama dola pembeni ya kila namba, na asijumlishe mpaka zote ziwe za aina moja. Natumia 2000 kwa dola moja ili hesabu iwe nyepesi: dola 5 ni 10 000, ongeza 3000, ni 13 000. Akizoea, anachukua kiwango cha siku kwa kambisti, yule anayebadilisha pesa.

Mama wa Ndosho, Goma
Papa wa Katuba, ile ya sombe nimemuuliza sasa hivi hapa jikoni. Alianza na 200. Nilipomwambia arudishe sombe, akasema 1200 mwenyewe. Tupe nyingine ya namna hiyo, tafadhali.

Papa wa Katuba, Lubumbashi
Mpe hii, mama: "Asubuhi ulikuwa na 600. Shangazi akakuongezea. Sasa una 1500. Shangazi alikupa ngapi?" Akisema 2100, usimsahihishe. Mwambie aweke 600 mezani, kisha aongeze noti mpaka zifike 1500, na zile alizoongeza azihesabu peke yake.