Tupeane uzoefu: Ndugu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili) ametulia, lakini kazi ndogo za nyumbani zinamshinda

Shangazi wa Tabata
Nimefungua mada hii kwa sababu asubuhi ya leo nimekuta sufuria ya chai imeungua, na mpwa wangu amesimama kibarazani akiwa ameshika kopo tupu la sukari. Ana miaka 29, anatumia dawa, na sauti zilizokuwa zikimtukana zimenyamaza tangu mwaka juzi. Kumbe alibandika maji, akaona sukari imekwisha, akaenda dukani, mwenye duka akamwambia hana chenji ya elfu kumi, na hapo mpango wote ukamkatikia kichwani: hakwenda duka la pili, wala hakurudi kuzima jiko. Jirani akasema, "Huyu amepona, sasa ni uvivu tu." Neno hilo ndilo lililonileta hapa. Kwenu mnaishije?

Baba Wawili
Kwangu ni hivyo hivyo, ila ni nguo: huziloweka Jumatatu, na Alhamisi harufu ndiyo hutukumbusha kwamba zipo.

Mkazi wa Kinondoni
Kwa heshima zote, mnawadekeza. Sisi tulipoacha kumpikia kaka yetu, alijifunza kupika mwenyewe.

Shangazi wa Tabata
Alijifunza, au alilala njaa?

Mkazi wa Kinondoni
Siku mbili za kwanza alilala njaa, sikatai.

Dada wa Mbagala
Habari ya chenji imenitoa machozi, kwa maana yaliyotukuta mwaka 2019 yalianza na jambo dogo kama hilo. Mdogo wangu alikuwa akienda kila Jumanne kwenye stoo ya mjomba Kariakoo kusaidia kupanga mizigo, nasi tulikuwa tumemfundisha njia kwa mwezi mzima: panda daladala ya Kariakoo pale Rangi Tatu, kaa dirishani, usiteremke mpaka ufike Kariakoo. Siku hiyo gari likakatisha ruti, abiria wote wakashushwa Mtongani. Wengine waligombana na konda, wakarudishiwa nauli, wakapanda magari mengine wakaenda zao. Yeye alibaki pale pale.

Mjomba alipiga simu saa 4 asubuhi kuuliza mbona kijana hajafika. Simu yake ilikuwa ikiita bila kupokelewa. Tulizunguka vituo vya polisi, tukaulizia hospitalini, na kufikia jioni mama alikuwa akilia kilio cha msiba. Saa 3 usiku muuza mahindi ya kuchoma akatuambia kwamba kuna kijana amesimama kituoni tangu asubuhi, amenyeshewa na mvua, na kila gari la Kariakoo likisimama hulitazama tu. Nilimkuta midomo imekauka na noti ya elfu mbili imelowa kiganjani. Nilipomuuliza kwa nini hakupanda gari jingine, alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, mlisema niteremke Kariakoo. Hapa si Kariakoo." Na simu je? "Mlisema nisitoe simu kituoni, wataiba." Hakuwa amechanganyikiwa, wala hakusikia sauti yoyote siku hiyo. Alitii kila tulichomwambia.

Baba Wawili
Hiyo ya simu imeniua.

Kijana wa Temeke
Konda huyo alistahili kushtakiwa. Hivi abiria analipa nauli ya Kariakoo ili ashushwe Mtongani?

Mzee wa Gongo la Mboto
Kusimama kutwa nzima kwenye mvua si akili ya kawaida, hapo pana jini. Nendeni Bagamoyo mkatazamiwe.

Dada wa Mbagala
Mzee wangu, shikamoo. Huko tulishapita, na cherehani ya mama iliuzwa kwa safari hiyo. Alirudi na hirizi shingoni, na kuoga akaendelea kusahau.

Muuguzi Mstaafu
Naomba turudi kwenye mada, ingawa kisa cha Mtongani hakiko mbali nayo. Tangu mwaka 1948 kuna kipimo cha karata kilichobuniwa Marekani: mtu huzipanga kwa rangi, kisha mpimaji hubadilisha kanuni kimyakimya, sasa zipangwe kwa umbo, naye anapaswa kutambua kutokana na kuambiwa kwamba amekosea. Wagonjwa wengi wa skizofrenia huendelea na kanuni ya kwanza hata baada ya kuambiwa mara nyingi. Hawafanyi ukaidi, kazi ya kupanga hatua, kuzishika akilini na kuzibadilisha hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na ugonjwa huu huidhoofisha. Dawa kama haloperidol hunyamazisha sauti kwa kuzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, lakini kwa udhaifu huu husaidia kidogo sana, na ndiyo maana majirani huona mtu "aliyepona" asiyefua. Jambo jingine: vile vidonge vya Artane vya kuzuia kutetemeka kunakoletwa na dawa hizo vinaweza vyenyewe kuongeza usahaulifu. Msiviache kiholela, ila mwulizeni daktari kama bado vinahitajika.

Mwenyewe wa Ubungo
Mimi ndiye mgonjwa, na ninaomba nisikilizwe. Watu wanasema "nenda kaoge" kana kwamba ni jambo moja. Kwangu ni kutafuta ndoo, kuangalia kama maji yametoka leo, kupanga zamu ya bafu na wapangaji wenzangu, sabuni, taulo, nguo safi ambayo sijaifua, na yote huja kwa mkupuo mpaka nisijue nishike lipi. Basi ninakaa kitandani, na ninasikia kabisa mnavyoniita mvivu. Mama yangu alipoanza kusema "chukua ndoo" peke yake, kisha akanyamaza, nilianza kuoga.

Shangazi wa Tabata
Ahsante sana, mwanangu. Kesho nitajaribu hivyo.

Kijana wa Temeke
Sisi tumebandika karatasi ukutani, hatua kwa hatua.

Baba Wawili
Karatasi baada ya wiki huwa ukuta, haionekani tena. Halafu wageni wanakaa sebuleni wanasoma "piga mswaki".

Kijana wa Temeke
Unaihamisha kila Jumapili, na hiyo ya mswaki unaibandika bafuni. Nani alikuambia sebuleni?

Mkazi wa Kinondoni
Mimi bado nasema mwacheni ajaribu, ila jiko la gesi nitalikubali mlifunge.

Dada wa Mbagala
Sasa hivi mdogo wangu ana kadi mfukoni, imeandikwa: "Ukishushwa njiani, panda gari jingine lolote la Kariakoo. Dada akipiga, pokea popote ulipo." Mwezi uliopita walishushwa tena, akafika akiwa amechelewa dakika arobaini, na akamdai mjomba posho yote.

Baba Wawili
Na dawa mnazipangaje? Wangu hakumbuki kama amekunywa au bado, akahisi bado, akanywa tena.

Shangazi wa Tabata
Mimi natumia viberiti saba vitupu, kila kimoja nimekiandika siku yake na kutia dawa za siku hiyo. Kikiwa kitupu, amekunywa.

Muuguzi Mstaafu
Na wajukuu wanaochezea viberiti?

Shangazi wa Tabata
Viko juu ya kabati, mama. Na yeye ndiye pekee anayefika bila kupanda kiti.