Mjadala: Picha ya ukutani kanisani kwetu, ipakwe upya au iachwe?

Mwana wa Nyegezi: Wakuu, habari. Kanisani kwetu, huku kando ya ziwa, kuna picha ya Yesu akituliza dhoruba. Mtumbwi ni huu huu wetu wa kuvulia, mitume wana sura zetu. Aliichora mwalimu mmoja wa shule ya msingi, marehemu sasa, kabla mimi sijazaliwa. Rangi inavimba na kubanduka kuanzia chini, mitume wawili hawana nyuso tena. Kamati imepitisha aletwe fundi aipake upya kabla ya sikukuu ya parokia. Mimi napinga, nataka atafutwe mtaalamu wa kuhifadhi picha. Nyie mnaonaje?

Kapri Pointi: Uko sahihi kabisa. Mmesahau yule bibi wa Italia aliyejitolea kupaka picha ya Yesu kanisani, sura ikaharibika hadi dunia nzima ikacheka? Kazi hii si ya fundi wa kusukuma rola kule Igoma.

Fundi wa Igoma: Nimesoma, nikarudia kusoma. Huyo wa kusukuma rola Igoma ndiye mimi. Miaka 19 nakula kwa brashi, watoto watatu wamesoma kwa rola hiyo. Mabango ya saluni nachora kwa mkono, sura za watu, na wanajitambua. Wewe nyumba yako alipaka nani?

Kapri Pointi: Sikukutaja wewe, ndugu.

Fundi wa Igoma: Umetaja Igoma, umetaja rola. Umebakiza jina tu.

Dada wa Malimbe: Si Italia, ni Borja, Hispania, mwaka 2012. Mama anaitwa Cecilia Giménez, alikuwa na zaidi ya miaka 80, na picha ilikuwa ya Elías García Martínez. Watalii walimiminika hadi kukawekwa kiingilio. Mimi sipendi anavyochekwa yule mama. Alilipenda kanisa lake. Kosa lilikuwa kupaka juu ya kile kilichobaki. Mtaalamu kwanza anapiga picha kila sehemu, anajaribu usafi kwenye kona ndogo, na rangi inayotaka kudondoka anaishikiza kwa karatasi nyembamba na gundi. Pengo analijaza kwa rangi ambayo kesho inaweza kutolewa bila kugusa ya zamani. Waitaliano wana taasisi yao ya kazi hii Roma tangu 1939, wao hujaza kwa vistari vyembamba vya wima. Ukiwa mbali unaona picha nzima, ukisogea unaona wazi palipojazwa. Uchafu mwingine huutoa kwa pamba na mate tu.

Mzee wa Kirumba: Mate? Mate ya mtu kwenye uso wa Bwana Yesu? Alitemewa siku ya kusulubiwa, leo tumteme tena hapa Mwanza na tuite utaalamu?

Dada wa Malimbe: Shikamoo mzee. Hakuna anayetema. Pamba inazungushwa kwenye kijiti, inaloweshwa mdomoni, inabiringishwa taratibu juu ya rangi. Mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu, na ni mapole kuliko dawa nyingi za dukani.

Mzee wa Kirumba: Marahaba. Lakini kupaka mate na kutema mate kwangu ni kitu kimoja.

Ng'wana Magu: Mzee, Yesu mwenyewe alitema chini, akafanya tope kwa mate, akampaka kipofu machoni. Yohana 9. Na bibi yangu kila nikisafiri alinitemea kifuani, na nilifika salama.

Mzee wa Kirumba: Yeye alikuwa Masihi. Usimlinganishe na mtu wa kijiti na pamba.

Kapri Pointi: Tumehama mada jamani.

Mzee wa Kirumba: Kwangu mada ndiyo hiyo.

Abiria wa Bukoba: Mnakuza jambo. MV Victoria ilifumuliwa, ikawekwa injini mpya, 2020 ikarudi majini na jina jipya kabisa, New Victoria Hapa Kazi Tu. Tunapanda, tunafika Bukoba. Hakuna aliyelia kwamba si meli ile. Picha ya kanisani ni ya kusali mbele yake. Watoto wa Komunyo ya kwanza wanastahili kuona mitume wenye nyuso.

Mwana wa Nyegezi: Meli kazi yake ni kufika. Hapa wazee wanasema Petro alichorwa kwa kumtazama mvuvi wa kijijini kwetu, na wajukuu wake wanakaa benchi la pili kila Jumapili. Uso wake bado upo, uko kama upana wa kiganja juu ya pale palipobanduka. Fundi akipitisha brashi, atamchora Petro gani?

Ng'wana Magu: Michoro ya miambani Kondoa iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, wenyeji bado wanaenda kutambika pale. Imefifia, na hakuna anayesema ikolezwe ndipo watambike.

Fundi wa Igoma: Nyegezi, nje ya huo ukuta kuna nini?

Mwana wa Nyegezi: Tangi la maji ya mvua. Gata limetoboka muda mrefu. Mwaka juzi tulipiga lipu ya saruji nje hadi chini.

Fundi wa Igoma: Basi mnabishana bure. Kinachovimba kuanzia chini ni maji. Yanapanda na chumvi, ukuta ukikauka chumvi inakuwa chenga nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Ile saruji imezuia ukuta kupumua upande wa nje, unapumulia ndani, kwenye picha. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake unayafungia maji humo, masika inadondoka yote, na huyo Petro wako anaondoka nayo. Zibeni gata, hamisheni tangi, bandueni ile lipu ya nje pale chini, ngojeni kiangazi kizima. Msikwangue, msipige msasa, vipande vilivyoanguka viokoteni mviweke kwenye boksi. Hiyo picha siipaki mimi, hata kamati inilipe mara mbili.

Mwana wa Nyegezi: Wabeja sana, fundi. Vipande vilifagiliwa Jumamosi. Nakwenda kuangalia jalalani sasa hivi.

Kapri Pointi: Fundi, samahani kwa lile neno langu.

Fundi wa Igoma: Nimeiona. Wanangu nao waliisoma ile ya kwanza.