Mtaa wa juu au mtaa wa chini? Nimekwama, nishaurini kabla sijasaini

Mpangaji_Mchovu
Wakuu habari zenu. Nimepanga miaka 11 na nimechoka, safari hii nimejikusanya na benki wamenikubalia mkopo wa miaka 15, sasa kazi imebaki kuchagua kati ya nyumba mbili na ndo hapo nimekwama wiki ya tatu usingizi hakuna. Mitaa yenyewe imepakana kabisa, katikati kuna kijito na daraja basi, ukisimama huku unaona mabati ya kule. Tuiite wa juu na wa chini. Wa juu ni wa zamani, barabara ya lami, maji yapo, miti imekua, ila nyumba ni vyumba viwili na kiwanja kidogo, jirani akikohoa unamwambia pole. Wa chini ni mpya, vyumba vinne, uwanja wa kutosha hata kuongeza nyumba ya nyuma, na bei iko chini kwa karibu robo. Nyumba imepakwa rangi juzi tu inang'aa. Umbali wa kwenda kazini unazidi kidogo, dalali alinipeleka jumapili saa nne asubuhi tukatumia dakika 25 tu. Mke anataka chini, mimi moyo uko juu ila hela inanivuta chini. Mnaonaje?

Kobe wa Jioni
Chini. Ardhi haiongezeki mkuu. Vyumba utaongeza ukiwa na kiwanja, kiwanja huwezi kuongeza ukiwa na vyumba. Mimi nilinunua sehemu watu wananicheka wananiuliza naishi na fisi, leo haohao wananipigia kuuliza kama kuna kipande kimebaki.

Dereva Mstaafu
Jumapili saa nne asubuhi hata mimi nafika popote dakika 25 😂 dalali anajua kazi yake huyo. Nenda jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, peke yako, utoke kwenye geti la hiyo nyumba hadi mlango wa kazini, halafu jioni urudi. Daraja moja linalobeba mtaa mzima ndo foleni yenyewe, na mtaa bado unajaa, kwa hiyo foleni ya leo ni ndogo kuliko ya miaka mitano mbele. Hebu chukulia inakuzidi dakika 40 kwenda na 40 kurudi, siku 22 za kazi kwa mwezi, kwa mwaka ni masaa 352. Hizo ni siku 44 za kazi za masaa nane unakaa tu unaangalia taa za gari la mbele. Ile robo uliyopunguziwa unailipa kwa mafuta na kwa umri wako. Na usisahau hiyo ni kwako tu, mke naye anaenda wapi?

Mpangaji_Mchovu
Mke anafanyia kazi nyumbani, ndo maana anataka vyumba vinne. Hapo kwa daraja umenigusa, sikuwaza.

Mama_Wawili
Mdogo wangu watoto unao? Kama unao au unategemea, usiangalie shule kwenye ramani, itembee hiyo njia kwa miguu. Mimi nilihamia sehemu shule iko kilomita moja nikafurahi, kumbe katikati kuna barabara kubwa haina kivuko, kila siku lazima mtu mzima awavushe, kwa hiyo shule ya kilomita moja ikawa ajira. Ulizia pia kama huo mpaka wa kijito ndo mpaka wa kiutawala. Nyumba mbili zinaangaliana lakini ziko halmashauri mbili tofauti, basi ratiba ya taka tofauti, shule wanazopokea watoto tofauti. Hakuna dalali atakwambia hilo.

Fundi Plamu
Mimi ni fundi ujenzi sitaki kukutisha ila nimesoma "wa chini", "kijito", na "imepakwa rangi juzi" kwenye aya moja, nikaacha kunywa chai.

Mambo ya kuangalia, na uende mwenyewe sio kwa picha. Kwanza nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta sio kesi, nyumba zote zinazo. Ufa unaopanda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha au mlango, na sarafu inaingia, huo ni msingi unaongea. Maeneo ya mabondeni mara nyingi udongo ni mfinyanzi, ule mweusi unaonata, ukinyonya maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka, na nyumba inapanda na kushuka nao kila mwaka. Fungua milango yote. Mlango unaokwama kipindi cha mvua na kiangazi unafunguka vizuri, usikimbilie kumlaumu seremala. Pili shimo la maji taka. Kama mtaa haujaunganishwa bomba la maji taka na maji ya ardhini yako karibu, shimo litajaa kila mvua hata kama mko watu wawili. Na kama kuna kisima, pima hatua toka kwenye shimo, la jirani pia maana maji hayajui ukuta, chini ya mita 30 mimi nisingekunywa.

Nyumba ya juu nayo usiipe maksi za bure. Ya zamani maana yake waya za zamani, mabomba ya zamani, na paa ambalo labda limebakiza miaka michache. Mwite fundi umeme afungue hata soketi mbili.

Kobe wa Jioni
Fundi unamtisha mwenzio bure, watu wamejenga mabondeni miaka na miaka na wapo. Nyumba ikiwa na msingi mzuri na mtaro mzuri shida iko wapi?

Fundi Plamu
Shida haipo kama msingi ni mzuri. Wewe umeuona huo msingi? Mimi pia sijauona, na yeye anataka kuulipia miaka 15.

Hesabu Kali
Naongezea hapo. Wataalam wakisema "mafuriko ya miaka 100" watu wanadhani yanakuja mara moja kwa karne, yakija mwaka jana basi tumepona. Sio hivyo. Maana yake kila mwaka kuna nafasi ya 1 kwa 100. Ukipiga hesabu kwa miaka yako 15 ya mkopo inafika kama asilimia 14 kwamba utayaona angalau mara moja kabla hujamaliza kulipa. Na mtaa wa juu ukizidi kujengwa, kila paa na kila uwanja wa zege unamwaga maji kule chini haraka zaidi, kwa hiyo hiyo hesabu ya zamani inazidi kuwa mbaya.

Halafu usidanganyike na mthamini wa benki. Yule anaangalia kama benki itarudisha hela yake ukishindwa kulipa, haangalii kama wewe utalala vizuri.

Bibi Mpole
Hati je? Mbona wote mnaongea nyufa. Nendeni ofisi ya ardhi mkague jina, kama kuna deni au zuio la mahakama, kisha mpima aje aoneshe bikoni (alama za mpaka wa kiwanja) moja moja. Mitaa mipya ndo yenye michoro ya barabara zijazo, na karibu na mto kuna eneo la hifadhi lisiloruhusiwa kujengwa. Huo "uwanja wa kutosha nyumba ya nyuma" unaweza kukuta nusu yake sio wako wala wa muuzaji.

Mwenye Haraka
Panga mtaa wa chini miezi sita kwanza, masika ipite. Umepanga miaka 11, sita ni nini.

Mpangaji_Mchovu
Asanteni sana wote, narudi na mrejesho. Jumatatu nimeenda kama alivyosema Dereva. Kwenda nimetumia saa moja na dakika 5, kurudi saa moja na robo. Mke nilimbeba, kufika darajani mara ya pili akanyamaza.

Jana mvua ikanyesha ya nguvu nikawahi kule chini bila kumwambia dalali. Nyumba haikuingia maji, niseme ukweli. Ila njia ya kuingilia ilikuwa mto, nikaacha gari mbali nikaingia na viatu mkononi. Nikaongea na mama wa nyumba ya tatu, mkarimu sana, nikamuuliza hapa maji huwa yanafika wapi, akanionesha kwa mkono kwenye ukuta wake. Kiunoni.

Fundi Plamu
Na ile rangi mpya ya nyumba yako, imefika wapi?

Mpangaji_Mchovu
Mkuu nimerudi kuangalia. Nje kapaka yote. Ndani kapaka kuanzia sakafuni hadi chini ya madirisha, juu kaacha ya zamani.