Mrejesho: Kwa nini nyumba za mbao za Lavenham zimepinda na hazianguki

Wadau, niliuliza hapa kuhusu nyumba za zamani za kijiji cha Lavenham, Suffolk, Uingereza: mbona zimepinda hivyo na bado watu wanalala ndani? Asanteni kwa majibu. Nimefuatilia na nimepata picha kamili.

Mafundi wa karne ya 15 na 16 walichonga mbao za mwaloni (oak, mti mgumu wa Ulaya) zikiwa mbichi, maana zikikauka zinakuwa ngumu mno kwa patasi. Fremu, yaani mifupa ya mbao ya nyumba, ilikauka ikiwa imeshasimama, ikajikunja kadiri ilivyokauka. Viungo vyake ni ulimi ndani ya tundu, vimefungwa kwa vigingi vya mbao, hivyo vinaachia kidogo bila kukatika. Kilichonifurahisha zaidi ni alama za mafundi: fremu iliundwa kwanza uwanjani, kila kiungo kikachorwa namba za Kirumi, ikafumuliwa na kusimamishwa upya kwenye kiwanja.

Mzigo wote unabebwa na nguzo na boriti. Ukuta ni fito zilizokandikwa udongo, majani makavu na samadi ya ng'ombe, kazi ambayo bibi zetu wangeitambua mara moja.

Aliyeuliza kama kuta hizi zinaweza kukarabatiwa kwa saruji: hapana, kabisa! Plasta ya chokaa hupumua, yaani huruhusu unyevu utoke; saruji hufungia unyevu ndani na mwaloni unaoza kimyakimya. Naumia nikiona nyumba iliyodumu miaka 500 ikipigwa plasta ya saruji.

Mkifika, anzeni na Guildhall, jumba la zamani la chama, la mnamo 1530, lililojengwa kwa utajiri wa vitambaa vya sufu.