Sokwe yupi nimweke msituni: wa kawaida, wa mikono minne au jitu?

MzeeDadu: Wakuu, salaam. Jumamosi naongoza meza ya watu wanne, wote ngazi ya 3, Dungeons & Dragons mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, toleo la tano, vitabu vya 2014. Wanavuka msitu na nataka wakutane na sokwe. Wa kawaida ana uhai 19, kiwango cha hatari nusu. Girallon, yule wa mikono minne, ni 4. Jitu ni 7, uhai 157. Moyo wangu uko kwa jitu. Mnasemaje?

Kokotoa: Utawazika, mkuu. Ngumi mbili kila zamu, kila moja inakata uhai wa dadu 3 za pande kumi jumlisha 6. Jiwe lake ni dadu 7 za pande sita jumlisha 6, wastani 30, na analirusha futi 50 bila shida. Mchawi wako ana uhai wa ishirini hivi. Jiwe moja, chali.

Kwa wanne wa ngazi ya 3, pambano la kuua linaanzia pointi 1,600 za uzoefu, ndizo kitabu kinapimia ugumu. Jitu ana 2,900. Girallon 1,100: watatoka jasho ila watapona.

kijana_wa_upanga: Si uweke nyani tu yaishe?

ShangaziDruidi: Nyani ana mkia, mwanangu. Sokwe hana. Tusianze.

MzeeDadu, mimi nachukua wa kawaida, wanne. Kila mmoja ni pointi 100; ukizidisha jumla mara mbili kama kitabu kinavyotaka kwa kundi, unapata 800, pambano la wastani. Lakini waweke juu ya miti! Wanapanda kwa kasi ileile wanayotembea, na mawe wanayo. Wenye panga watabaki wameinua shingo kama wanasubiri embe lidondoke.

Jitu mimi namjua kama vazi. Mchawi akifika ngazi ya 7 anapata Polymorph, uchawi wa kumgeuza mtu mnyama, anamgeuza mwenzake kuwa jitu. Uhai 157, wakati Tyrannosaurus ana 136! Mezani kwetu shujaa mmoja aligeuzwa, akaenda kumbembeleza mlinzi wa lango. Kasahau kwamba sokwe haongei. Alinguruma kwa upole, mlinzi akapiga kengele.

Sisi druidi wa mwezi, wachawi wa porini tunaojigeuza wanyama, hatumpati kwa kujigeuza wenyewe. Kiwango cha hatari cha mnyama ni ngazi yako gawanya kwa tatu: hata ukiwa wa 20 unaishia 6, na jitu ni 7. Inauma.

Mpanda_Bwindi: Nimewahi kupanda Bwindi, Uganda, kuwaona gorila. Naomba msiwafanye majambazi wa msituni. Wanakula majani, na dume akipiga kifua hatumii ngumi. Anatumia viganja alivyovikunja kidogo, ndiyo maana mlio unakuwa mkavu, po-po-po, unasikika mbali. Mara nyingi anakujia mbio kisha anasimama. Kiongozi wetu alitunong'oneza tuiname, tusikimbie. Nilikuwa tayari nimeinama, magoti yaliniamulia.

Kingine cha kutumia mezani: kila jioni wanatandika viota vipya vya majani. Wafuatiliaji huhesabu viota wakajua kundi lina wangapi.

Kokotoa: Hiyo ya viota tamu. Mtafuta njia wako apige dadu, umpe idadi.

MzeeDadu: Basi girallon nimemwacha, samahani kwake. Watakuta viota vinne vya kawaida, na cha tano kina upana wa chumba, majani bado mabichi. Halafu po-po-po. Jitu atakuja mbio, asimame hatua chache mbele yao. Wakiinama, anageuka anaondoka na wanne wake. Hakuna pambano.

ShangaziDruidi: Na wakirusha mshale?

MzeeDadu: Uhai 157, shangazi. Namba sibadilishi.

kijana_wa_upanga: Mimi ndiye mpiga mishale wa meza hiyo 😅

Kokotoa: Andaa karatasi mpya ya mhusika, mdogo wangu.