Wauzaji wa vigari vya mapacha, andikeni SENTIMITA! Laki nne na nusu yangu imelala nje ya mlango

Wakuu, poleni na majukumu. Leo sijaja na adabu zangu zote, mtanisamehe.

Mimi ni fundi wa milango na madirisha ya aluminiamu, huku Tabata, mwaka wa kumi na moja sasa. Yaani ugali ninaokula unatoka kwenye futi kamba. Mtu akiniita kumwekea mlango napima juu, napima katikati, napima chini, narudia tena, maana kuta za nyumba zetu hizi haziko wima hata siku moja. Halafu mimi huyuhuyu nimenunua kigari cha mapacha kwa kuangalia picha kwenye simu. Kinyozi hajinyoi. Nimejisema mwenyewe mapema ili msipoteze bando kunisema.

Iko hivi. Mke wangu kajifungua Kulwa na Doto kwa upasuaji, wana miezi miwili. Juu yao kuna kaka yao wa miaka mitatu na nusu ambaye bado anataka kubebwa, na tangu wadogo zake waje anataka zaidi. Hata sheria ya kazi inajua mapacha ni shughuli nyingine: mama wa mtoto mmoja ana siku 84 za likizo ya uzazi, aliyezaa zaidi ya mmoja anapewa 100. Wenzake kazini wakachanga, wakaleta laki nne wakasema wanunulieni watoto kigari. Mimi nikaongeza hamsini. Kumbukeni hapo kwamba hela nyingi si yangu, ndiyo maana inaniuma mara mbili.

Duka ni la mtandaoni, wafuasi kibao, stoo iko Kariakoo. Jina sitaji. Kila picha chini yake "bei njoo inboksi", kama vile bei ni siri ya ndoa. Nikaenda hukohuko inboksi. Mazungumzo ninayo mpaka leo, nanukuu:

Mimi: Habari dada. Hicho cha mbele-nyuma, upana wake sentimita ngapi?
Yeye: Nzuri kaka angu. Hicho kinapita mlango wowote.
Mimi: Sawa, ila ni ngapi?
Yeye: Ni saizi ya kawaida kaka, wateja wote wanashukuru.
Mimi: Viti vinalala?
Yeye: Vyote vinalala hadi chini, watoto wanakuwa kama wako kitandani.
Mimi: Wana miezi miwili lakini.
Yeye: Kuanzia siku ya kwanza hadi miaka mitano. Vimebaki viwili tu kaka, lipia nikuwekee.

Nikalipia. Boda akaleta jioni, boksi limefungwa kamba nyuma, elfu kumi na tano ya usafiri juu yangu.

Kufungua: si cha mbele-nyuma. Ni cha ubavu kwa ubavu, watoto wanakaa sambamba. Nikampigia. "Kaka, ni kitu kilekile, tofauti ni mkao tu." Mkao tu! Ni kama nikuagizie mlango wa bawaba uniletee wa kusukuma pembeni, halafu uniambie vyote si vinafunguka.

Nikatoa futi kamba. Sentimita 84.

Sasa nisikilizeni, hapa niko kazini kwangu. Hakuna kitu kinachoitwa "mlango wowote". Nyumba zetu nyingi mlango mkubwa tunauacha 90, vyumba 80, choo 70, na hiyo ni nafasi ya ukutani. Toa fremu pande mbili, toa unene wa mlango wenyewe ukiwa umefunguliwa, ile 90 inakuachia kama 80 hivi ya kupita. Mlango wangu wa sebuleni una 81 safi. Mlango mdogo wa geti, ule wa watu, una 76. Kwa hiyo kigari hakiingii ndani, na hakitoki nje. Kitatoka likifunguliwa geti la gari, ambalo funguo anayo mwenye nyumba, naye analala saa tatu. Mke wangu akitaka kuwapeleka watoto kliniki lazima kwanza akapige hodi kwa mzee wa watu aombe geti, kama anatoa lori la kokoto.

"Kikunje basi." Nimekikunja. Kwanza watoto wawili washikwe na mtu, maana ukikunja wao wanakaa wapi? Tunamshukuru mama mkwe yupo. Pili, kikishakunjwa upana ni uleule 84, kinachopungua ni urefu wa kusimama. Hili nilikuwa silijui na nadhani wengi hamlijui: cha ubavu kwa ubavu cha aina hii ukikikunja kinakuwa bapa, lakini mapana yake yanabaki. Tatu, ni kizito. Nilikipeleka kwa vijana wanaonunua chuma chakavu wanipimie kwenye mizani yao, kilo 17. Kijana akaniuliza, "Unauza?" Nikamjibu bado. Kilo 17 mama mwenye mshono anyanyue vipi?

Nne, gari. Tuliita taksi, ikaja Toyota IST, kagari kadogo, kama kawaida ya mji huu. Buti ya IST mnaijua. Ikabidi tulaze siti ya nyuma ndipo kikaingia. Sasa mama na watoto wanakaa juu ya bonde la gia? Tukakiacha nyumbani, tukaenda na mbeleko na kanga. Kigari cha laki nne na nusu kimebaki kinalinda nyumba.

Siku ya pili tukafanikiwa, mzee akafungua geti mapema. Barabara yetu ni ya mchanga na makorongo ya mvua za masika. Magurudumu ya mbele ni plastiki ngumu, udogo wake kama mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, yanazunguka yenyewe. Yakiingia mchangani yanageuka ubavu na kuchimba, kigari kinasimama ghafla, watoto wanaenda mbele. Halafu Doto kamzidi Kulwa karibu kilo nzima, basi kigari kinavuta upande wa Doto kama gari lisilofanyiwa alaimenti. Ukifika lami ni afadhali, ila njia ya waenda kwa miguu ndiyo hiyo, boda wamepaki, meza za wauza chenji, mtaro hauna mfuniko. Ukiwa na sentimita 84 unateremka barabarani na mapacha wako, daladala zinakupigia honi.

Lakini lililonitoa machozi ni viti. "Vinalala hadi chini" maana yake vinalala nusu, vinaishia hapo. Mtoto wa miezi miwili shingo haijakaza, ukimweka mkao huo kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua. Nesi pale kliniki alipomwona Doto alimtoa kabla hata hajatusalimu. Akasema mama, umemkunja mtoto, njia ya hewa inabanwa. Mke wangu alilia njia nzima ya kurudi. Huyu dada wa inboksi nilimwambia umri wa watoto kwa maandishi! Mtoto mchanga anatakiwa alale bapa kabisa, na kwa mapacha ni viti VYOTE viwili, si kimoja. Viko vya mbele-nyuma ambavyo kiti kimoja tu ndicho kinalala bapa, hivyo vinamfaa mwenye kichanga na kaka yake, si mwenye mapacha. Muuzaji anayejua biashara yake angeniuliza swali moja tu: ni mapacha au ni wanaofuatana? Hakuuliza.

Baada ya hapo hasira zikanifanya nisome usiku kucha. Bugaboo, Waholanzi, wana kigari kinaitwa Donkey. Ndiyo, Punda, na jina limempata. Cha mtoto mmoja kina sentimita 60, ukikipanua kwa wawili kinafika 74. Bei yake sizungumzii, tutaharibu siku. Ninachosema ni kwamba NAMBA IMEANDIKWA. Ningeona 74, ningejua kwenye geti langu la 76 kinapita kwa kukunja viwiko. Disney kule Marekani, bustani zao za michezo na burudani, tangu 2019 kigari kikizidi inchi 31 kwa upana hakiingii. Inchi 31 ni kama sentimita 79. Hiki changu kingerudishwa getini Disney kama kinavyorudishwa getini Tabata.

Na ninyi mnaosema "nunua mtumba wa Ulaya, vile ni imara", nilikuwa na wazo hilohilo. Sawa, vingi ni imara. Ila Novemba 2009 Maclaren walilazimika kutoa tangazo Marekani kuhusu vigari karibu milioni moja, vya mtoto mmoja na vya mapacha, kwa sababu bawaba za pembeni zilikuwa zinakata vidole vya watoto wakati wa kukikunjua. Wakagawa vifuniko vya kuzifunika. Ukikutana na cha zamani pale kwenye mtumba, nani atakuambia kama kile kifuniko kilishawekwa? Mimi kazi yangu ni bawaba, najua inavyofanya kidole. Huyu kaka mtu wa miaka mitatu na nusu anapenda kushikashika kila kinachokunjwa. Angalia fremu kama ina kibandiko cha kiwango cha usalama wa vigari, EN 1888 cha Ulaya au ASTM F833 cha Marekani. Changu kina kibandiko cha dubu anacheka.

Nimeomba kurudisha. Jibu: "Mali ikishatoka dukani hairudi kaka angu." Nikamwambia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na hayo maelezo, na maelezo yako haya hapa, umeyaandika kwa kidole chako. Akauliza risiti. Risiti hakunipa! Nina meseji ya muamala tu. Nilipomwambia nitaenda Tume ya Ushindani, FCC, akaniblok. Mwenye kujua utaratibu wa pale anielekeze, nipeleke karatasi gani nikiwa sina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Wauzaji mliomo humu, sitaki mnipe punguzo. Andikeni upana, andikeni uzito, andikeni kiti kinalala bapa au nusu. Futi kamba ni elfu tano. Kama hamna, nitawagawia, ninazo sita.

NYONGEZA: Naona mmeanza. "Bibi zetu walibeba mapacha kwa mbeleko." Walibeba, ndiyo, mmoja mgongoni kwa mama na wa pili mgongoni kwa shangazi. Walikuwa na mashangazi nyumba nzima, mimi nina mama mkwe mmoja na tiketi yake ya kurudi Shinyanga ni mwisho wa mwezi. Na aliyeandika "kigari ni mambo ya kizungu", mkuu, wewe unaandika hayo kwa simu ya magome?

NYONGEZA 2: Kwa dada aliyeuliza achague kipi, ana wa miaka miwili na kichanga kinakuja. Wako si mapacha, usinunue cha wawili kwa pupa. Wapo wanaonunua cha mtoto mmoja chenye kiti cha kulala bapa halafu wanafunga nyuma kile kibao cha magurudumu, mkubwa anasimama. Akichoka atalia, ila atalia mlangoni ukiwa umeshapita. Ukiona lazima cha wawili, chukua mbele-nyuma, upana wake unakaribiana na cha mmoja. Ubaya wake ni mrefu, na kupandisha kwenye ngazi aliyekaa mbele anakulemea, inabidi ukandamize mpini kwa nguvu. Magurudumu yawe makubwa, ya upepo au ya povu gumu. La upepo likitoboka fundi baiskeli anaziba. Na kabla hujalipa, pima mlango wako ukiwa WAZI, ukuta usiupime. Nenda na futi kamba dukani. Akikataa usipime, ondoka.

NYONGEZA 3: Dada wa inboksi ameniondolea bloku. Kumbe kuna mtu humu kamtumia uzi huu. Kaandika, "Kaka angu mbona unanichafulia, si ungesema tu tukubadilishie?" Nikauliza cha kunibadilishia kina sentimita ngapi. Kajibu: "Kinapita mlango wowote."

Kwa sasa kigari kiko uani, maana ndani hakiingii. Mama mkwe anaanikia nepi, upande wa Kulwa na upande wa Doto.